Riwaya za Mapenzi na Riwaya za Nchi Mbovu: Vidokezo vya Msomaji wa Ujiji

Siku hizi nasoma riwaya za aina mbili ambazo watu wengi huzitenga. Aina ya kwanza ni za mapenzi. Ya pili ni zile za distopia, hadithi za nchi za kubuni ambako utawala umeoza, watu wanaishi kwa hofu na kesho haijulikani. Nikikutana na wasomaji wenzangu, hapa Ujiji mkoani Kigoma au kule Mwanga, nakuta wamegawanyika makundi. Wako wasiotaka kusikia habari za mapenzi, wanasema hayo ni ya watoto wa sekondari. Na wako wanaosema maisha yenyewe magumu, kwa nini wajitafutie tena kitabu cha kuwakosesha usingizi?

Mimi nasema zisome zote mbili, tena zifuatane, na kila aina itumie kuipimia mwenzake. Riwaya ya nchi mbovu nikiifungua, natafuta kwanza nani anampenda nani, maana bila hilo sioni watu wanapoteza nini. Na ya mapenzi nikiishika nauliza nani ana fedha, nani ana amri, nani anamwogopa nani. Kitabu kinachonijibu yote mawili nakiazima kwa watu mpaka jalada linachanika. Haya ndiyo ninayokushauri.

1. Kusadikika isomeni kwa sauti

Wengi tulikutana na Kusadikika darasani. Tukaandika dhamira, tukaorodhesha wahusika, tukafanya mtihani, tukakisahau kitabu. Kirudie ukiwa mtu mzima. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza. Akabuni nchi iliyo angani, na ndani yake akamweka Karama, kijana anayeshtakiwa kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria. Mshtaki ni waziri, jina lake Majivuno. Karama anapewa siku 6 za kujitetea, na utetezi wake ni habari za wajumbe 6 waliotumwa nje kutafuta mema ya kuifaa nchi. Walirudi nayo, wakatupwa kifungoni.

Tafuta wenzako wawili au watatu, kaeni barazani jioni, mmoja awe Karama na mwingine Majivuno. Kitabu kizima ni maneno ya mahakamani, na maneno ya mahakamani yanataka masikio. Nimeona watu ambao hawajashika kitabu tangu wamalize shule wakisogeza mkeka karibu ili wasipitwe na siku ya tatu ya kesi. Mwenye sauti nzito mpeni Majivuno. Utashangaa jinsi wasikilizaji wanavyoanza kumjibu.

Nina neno moja la kulalamikia. Shaaban Robert hatuingizi nyumbani kwa Karama. Jioni kesi ikiahirishwa, anarudi kwa nani? Nani analala macho kwa ajili yake? Tunamheshimu Karama kuliko tunavyomjua, na kwangu hilo ni pengo, hasa kwa kitabu kinachotetea uhai wa watu. Ndiyo maana nakuletea kidokezo kinachofuata.

2. Ukikiweka chini, shika Vuta N'kuvute

Hii ndiyo riwaya ya mapenzi ninayoipenda kuliko zote za Kiswahili, na sioni haya kusema hivyo mbele ya wanaopenda mambo mazito. Adam Shafi aliitoa mwaka 1999, akaiweka Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti mdogo wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa kumzaa. Hakumchagua na hampendi. Anatoka kwenye ndoa ile, ndugu zake wanamfungia mlango, anapokewa na Mwajuma, mwanamke asiye na kitu ila chumba chake na moyo wake. Huko ndiko anakojuana na Denge, kijana anayewindwa na makachero kwa sababu ya siasa za uhuru.

Sasa tazama kazi ya mwandishi. Kila anayependa katika kitabu hiki anatozwa. Yasmin anatozwa na kabila lake, na mila, na polisi wanaomfuata Denge na ambao hawachelewi kumfikia na yeye. Denge anatozwa na siasa zake, kwa maana saa anazompa Yasmin ni zile tu zilizosalia baada ya mikutano na kujificha. Msomaji anabaki akiuliza kama mtu aliyejitoa kwa nchi nzima anaweza pia kuwa wa mtu mmoja. Shafi hatoi jibu la haraka. Anakuacha umpende Denge na umkasirikie kwa wakati mmoja.

George Orwell, Mwingereza aliyetoa riwaya yake ya 1984 mwaka 1949, alilijua jambo hilohilo. Katika nchi yake ya kubuni, Winston na Julia wanapendana kwa kujificha, na dola haina raha mpaka iwatenganishe mioyo. Kumfunga mtu hakuitoshi. Inataka amkane ampendaye. Soma kitabu hicho baada ya Vuta N'kuvute utaona jinsi Yasmin na Denge walivyokuwa karibu na hatari hiyo, katika mji halisi wenye majina ya mitaa tunayoyajua.

Nakala yangu ina doa la mawese kurasa za katikati, kwa sababu nilikataa kuiweka chini wakati sufuria iko jikoni. Ukiiazima kwangu, sehemu yenye doa isome polepole.

Ukiwa na kifua, endelea na Haini, ya Adam Shafi huyohuyo, iliyotoka mwaka 2003. Hiyo ni ya gereza, mateso na watu kuchukuliwa usiku. Filamu ya Vuta N'kuvute aliyoiongoza Amil Shivji, ya mwaka 2021, ni nzuri sana, lakini itazame baadaye. Kwanza umjue Mwajuma kwa macho yako mwenyewe.

3. Nagona na Mzingile ziwekee siku za mbalamwezi

Wasio wa huku nawaeleza. Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa: samaki hufuata mwanga, nyavu zikainuliwa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, na wavuvi wengi wanapumzika siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kusoma. Katonga au Kibirizi utawakuta watu wameketi wakishona nyavu na kupiga soga, na kati yao wako wasomaji hodari kuliko walimu wengi. Mwaka 2024, uvuvi ulipositishwa kwa miezi 3 ziwani humu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, vitabu vilitembea mwaloni kuliko nilivyowahi kuona.

Euphrase Kezilahabi mwenyewe alikuwa mtu wa ziwa, mzaliwa wa Ukerewe, katika ziwa lile jingine, Victoria. Alifariki Januari 2020. Nagona ilitoka mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vijitabu vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa 100. Wembamba huo usikudanganye. Mtu anatembea katika mji uliokufa, anakutana na ukimya, na vitabu, na wazee wanaosema kwa mafumbo. Katika Mzingile dunia yenyewe imeteketezwa. Hakuna cha kukushika mkono.

Ushauri wangu: soma sura moja, funga, toka nje, tembea, rudi kesho yake. Usijilazimishe kuelewa kila sentensi. Shika picha moja tu inayokukera na ukae nayo. Kuna kijana wa mwaloni aliyenirudishia Nagona akasema hakuielewa, kisha akanieleza kwa dakika nyingi jinsi ule mji usio na watu ulivyomkumbusha kambi ya wavuvi siku ziwa limefungwa: nyumba zipo, majiko yapo, watu hawapo. Kwangu alikuwa ameielewa vizuri kabisa.

4. Kabla ya kusema "hayo ni ya kubuni", mwulize mzee wa jirani

Watu hupenda kusema distopia ni mambo ya Wazungu, ya mitambo na maroboti. Si kweli. Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha Orwell, ilitoka mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Wasomaji wa wakati ule walikisoma kitabu cha wanyama wanaogawana shamba huku wao wenyewe wakiambiwa habari za kugawana nchi. Kila mmoja alipata lake humo.

Lakini kitabu ninachotaka mtu wa Kigoma akisome ni Gamba la Nyoka cha Kezilahabi, cha mwaka 1979. Kinahusu kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa. Wako Mambosasa na Mamboleo, vijana waliosoma, wenye nia ya kujenga jamii mpya. Yuko Padri Madevu na waumini wake. Wako wanakijiji wanaotaka kuachwa na migomba yao. Mwandishi hamfanyi mtu yeyote shetani. Anaonyesha jinsi jambo jema linavyoharibika likiletwa kwa nguvu, na jinsi wale waliolipinga nao hawakuwa malaika.

Mkoa wetu ulilipitia jambo hili mapema. Operesheni Kigoma ilianza mwaka 1972, kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini sasa ni amri na kazi iwe imekwisha ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Nenda Kasulu, nenda Kibondo, nenda vijiji vya kando ya Malagarasi, ukae na mtu wa miaka 70. Mwulize walihamaje. Wengine watakuambia juu ya shule na kisima walivyopata. Wengine watakuonyesha kwa kidole mlima walikokuwa na shamba la kahawa. Mara nyingi ni mzee mmoja huyohuyo anayekuambia yote mawili, na hapo ndipo utakapoona Kezilahabi alikuwa mwaminifu kiasi gani.

Na sikiliza sehemu ya mapenzi, maana wazee hawaisemi mpaka waulizwe. Waliohamishwa walikuwa na wachumba. Mahari ilikuwa imelipwa nusu. Binti alipelekwa kijiji kimoja na kijana kingine. Riwaya hiyo bado haijaandikwa, na ninaisubiri kwa hamu. Anayejua kuandika Kiswahili huko Buhigwe au Kakonko, naomba aianze.

5. Hadithi za magazeti na za simu zipime kwa maswali matatu

Usizidharau. Ndizo zilizotufundisha wengi wetu kusoma mpaka usiku wa manane. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma, aliyefariki mwaka 2008, alisomwa na makondakta, manesi na wanafunzi waliomficha chini ya dawati. Mpelelezi wake wa kubuni, Joram Kiango, na Nuru wake walitufundisha kwamba hadithi ya risasi haitembei bila mapenzi. Dar es Salaam Usiku mpaka leo naiona kama moja ya picha kali za mji ule, na aliichora mtu wa huku. Baadaye wakaja kina Eric Shigongo na hadithi zao za magazetini, kila wiki inakatwa pale moyo unapodunda. Sasa hadithi zinakuja kwa WhatsApp, sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure, zilizobaki unatuma fedha kwa simu.

Zote hizo zisome, ila jiulize maswali haya. Je, mwanamke ana kazi, rafiki na mawazo, au ana umbo tu? Je, mwanamume alipataje fedha zake? Je, wanagombana juu ya jambo la kweli, au ni meseji tu iliyosomwa na mtu asiyehusika? Hadithi ikipata mawili kati ya matatu, endelea. Ikikosa yote, fedha yako ya kifurushi iweke kwingine.

Kwa wanaotaka mapenzi yaliyoandikwa na mwanamke, tafuta vitabu vya Zainab Burhani, Mali ya Maskini (1981) na Mwisho wa Kosa (1987). Ni vya zamani kidogo na havipatikani kwa urahisi, lakini wenye maktaba za shule mara nyingi wanavyo kwenye kabati lililofungwa. Omba ufunguo.

6. Rosa Mistika isomwe na wazazi

Mwaka 1971 Kezilahabi alitoa riwaya yake ya kwanza, na kwa muda ilizuiwa mashuleni. Baadaye ikaja kuwa kitabu cha kufundishia. Watu bado wanabishana kama ni riwaya ya mapenzi au onyo kwa wasichana. Mimi naisoma kama riwaya ya nchi mbovu, ila nchi yenyewe ni nyumba moja.

Zakaria, baba yake Rosa, ndiye dola. Anakunywa, anaamuru, anakagua. Barua ya mvulana, Charles, inaleta kipigo kinachomfanya Rosa auogope uso wowote wa kiume. Amri ni nyingi na maelezo hakuna. Akipelekwa shule ya bweni anakwenda kama mfungwa aliyefunguliwa bila kuambiwa dunia ikoje, na yaliyompata huko yanajulikana na kila aliyekisoma kitabu. Wasomaji wengi wanamlaumu Rosa. Mimi kila nikirudia ninarudi kwenye zile kurasa za kipigo, na ninataka kila baba wa Kigoma mwenye binti azisome akiwa peke yake chumbani.

Ninaikosoa pia. Mwisho wake ni mkali mno, na Rosa anabebeshwa mzigo ambao wanaume waliomzunguka hawaubebi. Charles namkasirikia kuliko Zakaria, kwa sababu Charles alikuwa amesoma. Lakini kitabu kinachonifanya nigombane na wahusika wake baada ya miaka yote hii kinastahili kusomwa tena. Mpe binti yako akifika umri, kisha mzungumze. Kumpa tu bila mazungumzo ni kumwacha njiani.

7. Peponi ni kitabu cha safari ndefu

Treni ya kwenda Dar es Salaam inapita Uvinza, Kaliua, Urambo, Tabora, na safari nzima inazidi kilomita 1,200. Hiyo ni nafasi ya kusoma kitabu kizito bila mtu kukuita. Chukua Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994, mwandishi akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, na sisi tukaipata kwa Kiswahili mwaka 2022.

Yusuf ni mtoto aliyetolewa na wazazi kwa mfanyabiashara kulipia deni. Anachukuliwa na msafara kwenda bara, njia inazidi kuwa mbaya, wanavuka ziwa kubwa, wanafika kwa Chatu na mambo yanaharibika. Mwisho wa utawala mmoja na mwanzo wa mwingine vinakutana juu ya mtoto huyu. Wanaokuja na bunduki ni Wajerumani, na baada yao hakuna aliyebaki vilevile.

Sisi wa Ujiji tulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo. Wageni wanaokuja hapa hupelekwa kuona mahali Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871, wanapiga picha na kuondoka. Historia yetu inasimuliwa kwa habari za watu wawili waliopita. Gurnah anaisimulia kwa mtoto asiye na nauli ya kurudi kwao. Ukisoma jinsi wapagazi wanavyoanguka njiani, halafu ukatembea chini ya miembe ya Ujiji, utajua miembe ile ilimtilia nani kivuli.

Na yamo mapenzi, kwenye bustani iliyozungushiwa ukuta, kati ya Yusuf na Amina. Ni mapenzi ya watu wawili ambao hakuna kati yao anayejimiliki. Sijasoma popote swali hilo likiulizwa kwa upole namna hiyo: mtu aliye rehani anaweza kumwahidi mtu mwingine nini? Ukifika hapo, weka kitabu magotini utazame dirishani kituo kizima kipite.

Kwa safari fupi, kama boti za Kagunga, chukua hadithi fupi au gazeti. Maji yanaruka, na kitabu cha Gurnah si cha kulowesha.

8. Mjue unayemwazima

Hiki nakisema kwa uzito. Katika mkoa huu, riwaya ya watu wanaokimbia usiku si ya kubuni kwa kila mtu. Kambi ya Nyarugusu ipo tangu mwaka 1996, ilianza na Wakongo waliovuka ziwa hili, na baadaye ikapokea Warundi pia. Warundi wengine walikuja zamani zaidi, mwaka 1972, wakawekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania. Mnakaa nao ibadani na sokoni, watoto wenu wameoana.

Basi usimpe mtu Haini au Bina-Adamu! ya Kyallo Wamitila kwa sababu tu wewe imekusisimua. Uliza kwanza. Mama mmoja wa Kikongo ninayemheshimu sana aliniambia kwamba vitabu vya vita anavipenda, mradi vionyeshe watu wakipika. Alichomaanisha nilikielewa nilipoanza kutafuta: waandishi wengi wa nchi mbovu husahau kwamba katikati ya hofu watu hutafuta chumvi, husuka nywele, huchumbiana. Yeye mwenyewe aliolewa kambini. Tangu siku ile, riwaya ya hofu isiyo na jiko ninaishuku.

Kwake nilimpa Ua la Faraja ya William Mkufya, ya mwaka 2004, inayohusu watu waliofikwa na UKIMWI wakati ugonjwa ule ulipokuwa hukumu, na ambao bado wanatafutana, wanafarijiana na kupendana. Ni kitabu kinene, kinatembea polepole, na sehemu nyingine kinafundisha mno. Lakini kina moyo mkubwa.

9. Kisichokushika kiache

Kipe kurasa 40. Kama bado unajilazimisha, funga. Na mwisho wa ajali ya gari, ule unaomuua mpenzi mmoja kwenye sura ya mwisho kwa sababu mwandishi amechoka, una haki ya kuukataa. Mweleze mwandishi kama unampata. Wengi wao siku hizi namba zao ziko kwenye jalada.

10. Ukichoshwa na ubaya, soma Walenisi

Katama Mkangi wa Kenya aliwahi kufungwa bila kushtakiwa, miaka ya 1980. Ungetegemea atoke na kitabu cha uchungu. Mwaka 1995 akatoa Walenisi. Dzombo anahukumiwa kufa, anawekwa kwenye chombo cha kumrusha angani asirudi, na badala ya kufa anatua kwenye nchi ambayo watu wake wanaishi kwa haki na kuheshimiana.

Nimesikia wakisema ni ndoto. Mimi nimeisoma kwa kulinganisha na Kusadikika, nchi ya angani yenye dhuluma, na nchi hii ya mbali yenye haki, na kati yao miaka 44 ya kuandika kwa Kiswahili juu ya jambo lilelile. Waandishi hawa wawili wangekaa baraza moja wangeelewana. Kasoro ya Walenisi ni mahubiri. Mara nyingi wahusika wanasimama kueleza wakati ningependa kuwaona wakiishi. Hata hivyo, Dzombo akianza kuzoea kutendewa vyema, akawa hajui aupokeeje wema, ni kurasa ninazozirudia.

11. Azima viwili viwili, nunua unapoweza

Kitabu kimoja mtu atakiweka juu ya kabati. Viwili atavilinganisha, na atarudi na la kusema. Jozi zangu za kuanzia ni hizi. Kusadikika na Vuta N'kuvute, kwa vijana waliomaliza kidato cha nne. Rosa Mistika na Gamba la Nyoka, kwa wazazi; mwandishi mmoja, nyumba moja na kijiji kimoja. Peponi na Walenisi, kwa anayesafiri. Dar es Salaam Usiku na Haini, kwa mtu anayedai hapendi kusoma.

Vitabu huchukua muda kufika Kigoma, na nauli ya mzigo huongeza bei. Wenzangu huagiza pamoja: mmoja anayekwenda Dar anabeba orodha, mnachangia, kila mmoja anasoma zamu yake, na kitabu mwishoni kinakaa kwa aliyechangia zaidi. Wale wa WhatsApp, mlipeni mwandishi mwenyewe. Sehemu zinazosambazwa bure na mtu mwingine zimeibwa, na mwandishi wa mapenzi naye ana kodi ya nyumba.

Andika jina lako ndani ya jalada, na chini yake waandike wote waliokisoma, kila mtu kwa mwandiko wake, na neno moja au mawili ya maoni. Vuta N'kuvute yangu imejaza ukurasa mzima. Kuna aliyeandika "Raza apewe talaka mapema", na chini yake mtu mwingine amempinga kwa mistari mitano. Ukiihitaji sasa hivi, iko Gungu kwa fundi cherehani. Ukiichukua, umwachie kitu kingine cha kusoma.